Kompyuta Kumi na Moja na Mtandio Mwekundu

Mwanangu Somoe,

Amani ikufikie hapo Dunda kwa mama yako mdogo. Barua hii anakuletea Shomari. Yuko nje ya godauni, amekwisha kunawa mikono na kuvaa shati la kuondokea, ananisubiri. Nimemwomba nusu saa. Amecheka. "Nusu saa yako naijua, mzee Bakari. Utaandika mpaka kalamu iombe maji." Kwa hiyo nikiandika mbiombio na maneno yakapandana, nisamehe. Tangu niache shule darasa la tano sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya mzigo.

Asubuhi uliponipigia ulisema, "Baba, kesho gari la Masasi likifika Zinga litasimama kidogo tu. Utaniona, nitavaa mtandio mwekundu, nitakaa dirishani." Nikakujibu, "Sawa, mwanangu, nitakuona." Baada ya kukata simu nilikaa juu ya kreti, maana nilikuwa nimekudanganya tena, na kwa jambo lile lile.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kuchagua marafiki mama yako amekwisha kukupa, na anazijua kuliko mimi. Mimi nina moja. Zile kompyuta kumi na moja hukuzikosea wewe. Nilizikosea mimi.

Nimeandika hivyo, nikainuka, nikazunguka godauni zima, nikafunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari. Nimerudi. Maneno bado yapo kwenye karatasi. Basi niendelee.

Kazi yetu unaijua. Bwana Nassor, ambaye wazee wake waliuza vitambaa hapo mjini, yeye anauza kompyuta kuukuu. Zinakuja kwenye makreti kutoka maofisi ya nje, sisi tunazifungua, tunazipuliza, tunazijaribu, kisha tunagawa mafungu mawili. Fungu moja linarudi kazini. Fungu la pili linapigwa nyundo, tunatoa shaba na bati. Kwangu mimi hii ni kazi ya heshima, ingawa mgongo wangu una maoni mengine. Watu wa huko zinakotoka wanatupa mashine kwa sababu imekuwa nzito kuamka asubuhi. Ukiifungua unakuta vumbi limelala kwenye feni kama blanketi. Lipulize, badilisha kile kibetri kama kifungo cha shati, na mashine inaamka kama mtu aliyepewa uji. Siheshimu kitu kwa sababu ni kipya. Kompyuta mpya hujui tabia yake. Ya zamani imekwisha kukuonyesha udhaifu wake wote, na kama bado inawaka, hiyo unaweza kuitegemea.

Lakini sisemi tuhifadhi kila takataka. Kuna zinazokuja na vile vikopo vidogo vya kwenye bodi vimevimba vichwa, zinanuka kama samaki aliyeungulia. Hizo vunja, usizililie. Shomari analilia kila kitu. Nyumbani kwake ana vioo saba vya kompyuta visivyoonyesha chochote, na mkewe anaanika dagaa juu yake.

Zamani, kabla hujaja kukaa nasi baada ya chuo, mimi na Shomari tulitumia chaki. Mashine nzima tuliiandika alama ya vema, mbovu tuliipiga alama ya kuzidisha. Hakuna aliyekosea. Ukaja wewe, ukachukua mashine nne zilizokufa, ukaunda moja iliyo hai, ukaandika programu yako humo. Kila mashine na namba yake, na mbele ya kila namba kidoti. Uliniita nije nione kabla ya watu wote. Nakumbuka ulikuwa umeshika kikombe cha chai na hukuinywa.

"Chaki imepitwa, baba. Angalia. Kijani nzima, nyekundu mbovu. Hata asiyejua kusoma anaelewa."

Nikaangalia. Vidoti vilikuwa vizuri, vimepangwa vizuri, na vyote kwangu vilikuwa rangi moja, rangi ya chai yenye maziwa kidogo.

Nikasema, "Mashallah, imependeza."

Mwanangu, mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Nimezaliwa hivyo. Nimelificha jambo hili maisha yangu yote, na nimelificha hata kwako.

Shomari amechungulia mlangoni. "Mzee, jua linakwenda." Nimemwambia na wewe nenda nalo. Amekaa kwenye benchi, ananuna.

Siku za mwanzo hapakuwa na tabu, kwa sababu Shomari ndiye aliyesimama mbele ya kioo akiita, "Hii hai! Hii nyundo!" na mimi nikabeba. Halafu ikaja siku aliyokwenda msibani Mapinga. Mzigo ulikuwa umekuja siku mbili kabla, na wewe ulikuwa umekwisha kuzijaribu zile mashine jana yake, kila moja na kidoti chake. Bwana Nassor akaniambia, "Bakari, gawa mafungu, mwalimu wa ile sekondari anakuja kuchukua zake mchana." Ningeweza kumwambia asubiri Shomari. Ningeweza kukupigia simu uje. Nilisimama mbele ya kioo chako na kukitazama kama mtu anayetazama kisima kirefu.

Nikaona vidoti vingine vinang'aa zaidi kidogo kuliko vingine. Nikajifanyia hesabu yangu. Nyekundu ni rangi ya moto, watu wote wanasema hivyo. Moto unawaka. Basi vinavyong'aa ndivyo vyekundu. Nikazitoa zote zenye kidoti kinachong'aa. Zilikuwa kumi na moja. Nikachukua nyundo.

Ya tatu nilipoishika mkono ulikataa. Mkono wangu unajua mashine nzima, Somoe, kwa uzito wake na kwa harufu. Ile haikuwa na harufu yoyote na ndani hakikucheza kitu. Nikaiweka chini, nikarudi kwenye kioo, kidoti chake kiling'aa vile vile. Nikajiambia, mtoto amesoma, mkono wangu haukusoma. Nikapiga.

Hilo silisemi nijitetee. Nalisema kwa kuwa linaniuma kuliko mengine. Nilikuamini wewe kuliko mkono wangu, halafu nikaacha ulaumiwe.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Mwalimu alikuja na gari na kamba za kufungia. Bwana Nassor akatazama lile rundo la vyuma, akanitazama.

"Bakari, hizi ulionaje?"

"Zilikuwa nyekundu, bwana."

Maneno matatu. Nimebeba makreti miaka tisa hapa Zinga, hakuna lililonielemea kama hayo matatu. Ukaitwa. Ukakimbia kutoka barabarani, ukawasha kioo, ukasema, "Lakini mbona zote ni kijani?" Na kwa kuwa baba yako alikuwa amesema zilikuwa nyekundu, na hukuwahi kufikiri baba yako anaweza kusema uongo mbele za watu, ukatafuta maelezo pengine. Ulikaa siku mbili na ile mashine. Mwisho ukasimama mbele ya Bwana Nassor na yule mwalimu ukasema kumbukumbu ya mashine imechoka, inabadilisha rangi yenyewe. "Ni kosa langu. Nimejenga kitu juu ya makopo mabovu. Naomba radhi." Bwana Nassor akakujibu kwa upole, "Si kitu, binti yangu. Turudi kwenye chaki."

Ulinigeukia. Ulidhani ninakuonea huruma.

Sasa mama yako ameniambia kwa simu jambo ambalo hukuniambia. Kwamba Masasi walikuita ukatengeneze programu ya dawa za zahanati, kazi uliyoisomea, na wewe umewajibu kwamba unaomba ile ya kuingiza majina tu. Kwamba ukifika, utakaa mbele ya mama mkuu wa ofisi ya huko na kutia saini mkataba wa hiyo kazi ndogo. Mama yako alimaliza kwa kusema, "Sijui mtoto amepatwa na nini, amejidharau ghafla." Mimi nilijua. Nikamwambia mtandao unakatika.

Simu nimeishika mara tatu leo nikuambie. Kila uliposema "shikamoo baba" nikasema "marahaba" na kuuliza habari za safari tu. Ndiyo maana naandika.

Nadhani utauliza kwa nini sikusema tangu zamani. Unakwenda upande nilikotoka, basi nikuanzie huko. Darasa la tano mwalimu alituambia tuchore bendera ya taifa, tuipake rangi. Penseli zilikuwa chache, tulipokezana, nikapaka penseli niliyopewa na jirani. Mwalimu akainua daftari langu darasa zima lione. "Kijani kiko wapi hapa? Unaichezea bendera?" Kwangu kijani kilikuwepo. Nilichapwa kwa utovu wa adabu. Muhula uliofuata baba alinihitaji shambani kwenye korosho, na watu husema niliachishwa shule. Ukweli ni kwamba nilifurahi.

Nikakua nikiamini ni ujinga. Kwamba wenzangu walifundishwa rangi siku ambayo mimi sikuwepo. Nikaja huku kaskazini kutafuta kibarua, nikafika Kiwangwa kukata mananasi. Nikakata mabichi. Msimamizi alinisimamisha mbele ya vibarua wote. "We Myao, kwenu mananasi mnayala na majani yake?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Msichana mmoja wa Kikwere hakucheka. Siku ya pili akaniita pembeni ya shamba.

"Linuse hapa chini. Haya, sasa ligonge. Limesema nini?"

"Halijasema kitu."

"Basi liache."

Nikaoa yule msichana, ndiye mama yako. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilihitaji kugonga kitu ambacho mtoto mdogo anakiona kwa macho. Nadhani anajua. Nadhani ananisubiri.

Wewe ukiwa kidato cha pili, Bwana Nassor alitaka kunifanya dereva wa lori. Ningeacha kubeba. Nikapelekwa kupimwa macho. Wakanipa kitabu chenye vidoti vingi, wakaniuliza naona namba gani. Sikuona namba. Wakafunua ukurasa mwingine, sikuona. Dada aliyekuwa akinipima akafunga kitabu, akasema, "Baba, huu si ujinga. Macho yako yaliumbwa hivyo. Wako wengi." Somoe, nilitoka pale nikakaa nje ukutani nikacheka peke yangu kama mwehu. Miaka yote ile! Ilinipasa nirudi nyumbani niseme. Sikusema. Nilimwambia Bwana Nassor kwamba naogopa barabara, na mama yako nikamwambia kazi ya udereva inaweka mtu mbali na watoto. Mlinisifu kwa hilo. Sifa zikanifunga mdomo vizuri zaidi.

Kwa hiyo kosa langu si macho. Macho sikuyachagua. Kosa ni kwamba nilizoea kuonekana sina tatizo, mpaka ikafika siku ya kuchagua kati ya hilo na wewe, na nikachagua hilo bila hata kufikiri.

Sasa nina maneno kuhusu kazi yako, na yachukue kama ya mtu asiyesoma. Huko Masasi, kwenye zahanati moja, atakuwepo mtu kama mimi. Atasimama mbele ya kioo chako, nyuma yake foleni, mtoto analia, na kwenye kioo kuna kidoti cha dawa nzima na kidoti cha dawa iliyopita muda. Ataona chai ya maziwa na chai ya maziwa. Hatauliza. Mtu kama mimi haulizi, amejifunza kubahatisha na amejifunza kuficha kwamba amebahatisha. Na asiyekuwa na baba kama wako hatamfikiria mtu huyo. Wewe peke yako utamfikiria. Ndiyo maana nataka ile kazi uichukue wewe.

Rangi sizichukii. Weka, watu wanazipenda, na bluu hata mimi naiona vizuri. Lakini usiipe rangi kazi peke yake. Ipe mwenzake. Andika neno, au weka vema na ile alama ya kuzidisha kama tulivyofanya kwa chaki. Na kuna hili la maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambalo naliona siku hizi kila mahali hata kwenye simu. Nani aliwaambia kwamba moshi unasomeka? Shomari anaisogeza simu yake usoni kama anainusa. Tena hapa kwetu mlango wa godauni uko wazi na jua linapiga kioo moja kwa moja. Yule anayetengeneza akiwa amekaa kwenye chumba chenye pazia hawezi kulijua hilo. Ukimaliza kazi yako, usimwonyeshe mwenzako wa chuo. Mtafute mtu aliyechoka, mwisho wa siku, mwenye mikono michafu, umkalishe hapo. Usimwambie kitu. Mtazame anabonyeza wapi.

Leo mchana nilikwenda kwa Bwana Nassor. Nilimkuta anakula, nikasema nitarudi, akaniambia kaa.

"Zile kumi na moja, bwana. Nilizivunja mimi."

"Najua ulizivunja wewe. Nyundo ulikuwa nayo wewe."

"Hapana. Mtoto hakukosea. Zilikuwa kijani tangu mwanzo. Mimi nyekundu na kijani siwezi kuzitofautisha."

Akaacha kula. Akachukua kalamu mfukoni. "Hii rangi gani?" Shomari naye akaingia, na hapo mambo yakaharibika. Nusu saa nzima amenishikia vitu usoni, mfuniko wa chupa, waya, kitambaa, ndizi. "Na hii? Na hii je?" Kisha akakumbuka, akapiga paja. "Kumbe ile siku nilikutuma ndoo ya kijani ukaniletea nyekundu nikadhani unanidharau!" Miaka tisa ameniwekea kinyongo cha ndoo. Tulicheka, na mimi nikashangaa kwamba nacheka, na kwamba paa la godauni lilikuwa bado juu.

Bwana Nassor peke yake hakucheka sana. Alisema, "Mtoto wa watu alisimama hapa akaniomba radhi kwa kosa lisilo lake. Sasa yeye anaombwa radhi na nani?" Nikamwambia naandika leo. Akasema, "Andika. Na kesho mimi nitasimama na wewe hapo barabarani." Kuanzia kesho nimetolewa kwenye kugawa mafungu, nitabaki kubeba. Ni haki.

Naomba radhi, Somoe. Nimelizungukia neno hili kurasa tatu, na lilikuwa dogo hivi.

Ile mashine yako uliyoiacha chini ya benchi langu, uliyosema hutaki kuiona, nimeifungua. Nimeipuliza, nimebadilisha kibetri, nimeiwasha. Nimemwita Shomari anisomee. Zile namba kumi na moja bado zipo, na zote kumi na moja ni kijani, kama ulivyoziandika siku ya kwanza. Kumbukumbu yake haikuchoka. Haikubadilisha kitu. Ilisema kweli kila siku humo chini ya benchi wakati mimi ninakula chakula juu yake. Nimeitia kwenye boksi, nimelizungushia gunia na kulifunga kwa mpira wa baiskeli, haliwezi kufunguka njiani. Kesho nitakuwa nalo. Ukilipokea, nitajua utamwambia yule mama wa Masasi kwamba umebadili mawazo. Ukiliacha, nitalirudisha chini ya benchi na sitakulaumu.

Jambo moja nimekuwa nikitaka kukuuliza. Lile gauni ulilovaa siku ya kumaliza chuo, nililokuambia rangi yake imekupendeza. Lilikuwa rangi gani?

Shomari amesimama. Anasema akichelewa mkewe atamwanika yeye pamoja na dagaa. Namkabidhi.

Kesho vaa mtandio wowote unaoupenda. Ila usiniache niutafute, nitapungia mkono binti za watu wote wa gari lile. Wewe toa mkono dirishani, vidole vyote vitano viwe wazi. Hapo nitakuona tangu mbali.

Baba yako,
Bakari